Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Sista Sabina alisimama kwenye kitanda cha kumi na nne akiwa ameshika karatasi ya nyuso sita. Uso wa kwanza ulicheka, wa mwisho ulitoka machozi. Chini yake ziliandikwa namba, kutoka sifuri hadi kumi.

"Mama, maumivu yako leo ni namba ngapi?"

Rozalia aliziangalia zile nyuso. Saratani ilianzia mlango wa kizazi, sasa ilikuwa imehamia kote. Kiuno kilibana tangu alfajiri, na moto ulishuka paja la kushoto hadi kisiginoni kama amemwagiwa uji. Huo moto wa mguu madaktari waliuita maumivu ya mishipa. Ulikuwa na vidonge vyake, ila viliisha hospitalini mwezi uliopita.

"Mbili, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Sista akaandika mbili. Ukutani palibandikwa ngazi: maumivu kidogo, panadoli; ya kati, tramadoli; makali, mofini. Mbili ilikuwa panadoli.

Rozalia alizaa watoto sita bila kutoa sauti. Mama mkwe wake alikuwa akikaa nje ya mlango anasikiliza, na kila mtoto alipozaliwa aliusifu ukoo aliotoka mkwewe. Katika ndoa ya miaka thelathini na minane Rozalia hakupewa sifa nyingine.

Esnath wa kitanda cha kumi na tano, mtu wa Mbeya, hakuwa na ukoo wa kuusitiri. Titi lake lilikuwa limeoza, naye alilia wodi nzima ikasikia. Akilia, Sista alifungua kabati lenye kufuli mbili, akavuta mofini ya maji kwa bomba la sindano na kumtilia mdomoni. Muda si mrefu Esnath alilala mdomo wazi.

"We mama unajiua," alimwambia Rozalia alipoamka. "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Mchana Veneranda alileta uji kutoka nyumbani Ipogolo. Akamkuta mama yake ameutafuna upindo wa kitenge mpaka umebaki nyuzi.

"Mama, kesho dakta anapita. Ukisema mbili, anakuruhusu urudi nyumbani na panadoli. Pale nyumbani nitakusaidia na nini? Sema kumi."

"Kumi ni ya mtu anayekufa, Vene."

Veneranda akamnyang'anya ule upindo. "Sema kumi."

"Kumi," akasema Rozalia, taratibu, kama mtoto anayefundishwa sala.

Asubuhi Dakta Eliezeri alikuja na wanafunzi watano.

"Kamwene, mama."

Rozalia akajiinua kwa viwiko ili amjibu mkubwa inavyostahili. "Kamwene, baba. Za kwako?"

"Nzuri. Namba ngapi leo?"

Akamtazama binti yake, aliyesimama miguuni pa kitanda. "Kumi."

Dakta akafunua faili. "Juzi mbili. Jana mbili. Leo kumi."

"Binti yake alikuwa anamfundisha," alisema Sista Sabina. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Dakta, chupa ni moja, imebaki robo, na wagonjwa ni tisa. Nimeshaandika barua tatu, hazijajibiwa. Kila tone naliwekea sahihi. Nampa anayelia. Asiyelia nitamjuaje?"

Dakta akawageukia wanafunzi. "Mgonjwa mwenye maumivu ya kumi hainuki kukusalimia. Hilo mlishike." Kisha, kwa upole, "Mama, kama inauma, lia. Usione aibu. Tunakuangalia."

Wakasubiri. Rozalia akafungua mdomo. Aliitaka ile dawa; hakuwahi kutaka kitu namna ile tangu azaliwe. Alikitafuta kilio, hakujua wenzake wanakitoa wapi. Kilichotoka kilikuwa kisauti chembamba, kama cha mtu anayeita kuku wake asisikiwe na jirani. Akakohoa.

"Samahani," akasema.

Mwanafunzi mmoja akatazama sakafu.

Hapo Veneranda akapiga yowe. Lilimtoka tumboni, akaanguka chini, akajigaragaza kwenye saruji yenye harufu ya dawa. Wagonjwa wakaamka. Esnath naye akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha namba kumi hasa, hakuna aliyeweza kukibishia.

"Binti, mgonjwa si wewe," alisema Dakta. "Iteni mlinzi."

Mlinzi akamshika kwapani, akamtoa. Kilio chake kilipita koridoni, kikazunguka nje chini ya madirisha, kikaishia upande wa getini.

Dakta akaandika kwenye faili: maumivu mbili, aruhusiwe kesho. Sista Sabina akafungua kiganja cha Rozalia, kilichokuwa kimejikunja chenyewe, akaweka vidonge viwili vyeupe, akamshikia kikombe cha maji. Rozalia akameza.

"Asante, mwanangu," akasema.

Wakahamia kitanda cha kumi na tano. Mwanafunzi wa mwisho akabaki nyuma kidogo, akaandika kwenye daftari lake: mgonjwa ametulia.