Nambari Niliyoiruka

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane na dakika kumi mchana. Mawingu yalikuwa mazito na mvua ilikuwa haijaanza. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa, nikihesabu vidonge vya shinikizo la damu kwenye sinia, vitano vitano, Arobaini alipoingia na cheti cha daktari mkononi.

Hilo ndilo jina lake kwetu. Tulisoma darasa moja, wasichana arobaini, na mwalimu wetu wa darasa hakuwa na muda wa majina. Alituita kwa nambari za daftari la mahudhurio, akatukalisha kwa nambari hizo hizo, nazo zikatuganda. Mimi ni Kumi na Nne. Niliyeketi naye dawati moja miaka minne ni Kumi na Tano, na tangu hapo hatujaachana. Arobaini alihamia kwetu mwaka wa mwisho. Alikuta madawati yamejaa, akaletewa kiti chake peke yake karibu na mlango. Tumemaliza shule miaka thelathini na miwili iliyopita, na katika hesabu yangu huyu mtu bado ni mgeni.

"Shikamoo, kiranja," alisema. Tunalingana umri, ni utani wake wa siku zote.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete."

Cheti kilikuwa cha matone ya macho, aina mbili. Nilisoma jina la mgonjwa, kisha nikalisoma tena. Lilikuwa jina la Kumi na Tano.

"Alipasuliwa jana asubuhi," alisema Arobaini. "Mtoto wa jicho, la kulia. Hakukwambia?"

"Aliniambia," nilijibu.

"Afadhali. Maana mimi niko kwake tangu Alhamisi, nikawa najiuliza mbona hupigi simu. Duka la hospitali wameishiwa. Akasema, nenda kwa Kumi na Nne, yule hakosi kitu."

Niligeukia rafu. Chupa zilikuwa mahali pake, lakini nilizitafuta kwa muda ili uso wangu upate kutulia. Niliandika lebo mbili kwa mwandiko ulionyooka. "Hii mara nne kwa siku. Hii mara mbili. Unanawa kwanza. Ncha ya chupa isiguse kope. Na yeye asiiname, asilie, asijifikiche."

"Sawa, daktari."

"Mimi si daktari."

"Sawa, mfamasia. Jamani, unavyonitazama utadhani nimekuja kukuibia!" Alicheka, akatia chupa kwenye mkoba. "Simu yangu imeisha chaji tangu asubuhi. Mahudhurio ya leo nitaitikia kwa simu ya Kumi na Tano. Nikiitikia kwa sauti yake usinichape."

Akatoka. Nilirudi kwenye sinia na kukuta sijui nilifikia vidonge vingapi. Nikaanza upya.

Mahudhurio aliyoyataja ni desturi yetu. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa, na sijawahi kuvuliwa cheo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, tunaungana kwenye simu moja, nami naita daftari kuanzia moja hadi arobaini. Aliyepo husema, "Nipo." Asiyepo naita nambari yake mara mbili, kisha nasema, "Hayupo," na kuendelea. Marehemu haitwi. Alipofariki Sita, wa kwanza wetu, sauti ilikataa kunitoka. Nilinyamaza kidogo, nikaita Saba. Wote walielewa. Tangu siku ile hatutangazi msiba kwa njia nyingine. Familia hunipigia mimi, nami nairuka nambari. Nimeruka tisa mpaka sasa.

Saa mbili zilizofuata nilihudumia wateja wanane na nikawaza jambo moja tu. Mimi ndiye mfamasia. Mimi ndiye ninayejua jicho linavyotunzwa. Mimi ndiye niliyemshika Kumi na Tano mkono alipojifungua kifungua mimba wake, mume wake akiwa safarini. Lakini mwaka jana Arobaini alijua kabla yangu kwamba nyumba ya rafiki yangu imebadilishwa mapazia. Mwaka juzi walikwenda pamoja kumzika shangazi yake Kumi na Tano, mimi nikapewa habari Jumatatu. Mambo madogo, nilijiambia. Sasa mtu anapasuliwa jicho, na mimi naletewa cheti kama duka lolote la kando ya barabara.

Mvua ilianza saa nane na nusu. Ilipiga bati mpaka nikafunga dirisha la chumba cha nyuma ili nisikie simu. Saa kumi kamili nilifungua daftari.

"Moja."

"Nipo."

"Mbili."

"Nipo, ila mvua hii itaniua."

"Tatu." Huyu ni mwalimu wa udereva, na ndiye mcheshi wetu.

"Nipo. Nina mwanafunzi hapa kaingiza gari mtaroni. Endelea, kiranja, haliendi popote."

Walicheka. Nikaendelea mpaka nikafika kwenye nambari niliyokuwa nikiisubiri.

"Kumi na Tano."

"Nipo," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nilimpa nafasi. Nilihesabu sekunde tano. Angeweza kusema, jamani nimepasuliwa jicho. Angeweza kusema, Kumi na Nne, asante kwa dawa. Hakuongeza neno, na hapo ndipo nilipokata shauri. Arobaini angekuwa ameketi kando yake, kichwa kwa kichwa kwenye simu moja, akisubiri zamu yake. Nilitaka asubiri na isije. Nilitaka walau kwa siku moja asikie kwamba orodha inaweza kukamilika bila yeye.

"Thelathini na Tisa."

"Nipo."

"Mahudhurio yamekwisha," nilisema. "Nafunga daftari."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea Arobaini adakie, "We kiranja, na mimi?" Badala yake laini nzima ilinyamaza. Watu karibu thelathini walinyamaza kwa pamoja, na ni hapo tu ndipo nilipoelewa nilichowaambia.

Kisha Kumi na Tano akapiga ukelele.

Sijapata kusikia sauti ile kwake, hata siku ile ya uzazi. "Nilimtuma mimi!" alilia. "Nilimtuma mimi kwenye mvua! Amegongwa wapi? Kiranja, wamekupigia kutoka wapi?"

Arobaini hakuwa kando yake. Mvua ilikuwa imemzuia njiani. Simu yake haikuwa na chaji, na Kumi na Tano alikuwa peke yake, jicho moja limefunikwa, akingoja mlango ufunguliwe.

"Lini?" mtu aliuliza. "Jana tu nimeongea naye."

"Maskini, wale watoto wake," alisema mwingine.

Nilipaswa kusema papo hapo. Maneno yalikuwa machache: yu mzima, nimekosea. Sikusema. Nilikaa na simu sikioni nikimsikiliza Kumi na Tano anavyolia, na nilikuwa nikijiuliza kama angenililia mimi hivyo. Ulikuwa muda wa kuhesabu vidonge thelathini. Ninajua, kwa sababu hesabu ya muda ni kazi yangu, na sina pa kujificha.

"Arobaini!" niliita mwishowe, kwa sauti kubwa. Hakuna aliyeitika. "Arobaini ni mzima. Alikuwa dukani kwangu saa nane. Mvua imemchelewesha tu. Hakuna aliyenipigia simu."

"Sasa mbona umemruka?" aliuliza Tatu. Safari hii hakuwa anatania.

Ningeweza kusema nimesahau. Wangeniamini, umri wetu unaruhusu. Lakini nilikuwa bado namsikia Kumi na Tano akihema. "Nimemruka makusudi," nilisema. "Nilikuwa na hasira naye. Sikufikiri mngeelewa vile."

"Kiranja," alisema Tatu polepole, "desturi ya kuruka uliianzisha wewe. Kama wewe hukufikiri, afikiri nani? Umemuua mtu kwa mdomo, mwenzangu."

Kumi na Tano alikata simu.

Nilifunga duka saa kumi na nusu, jambo ambalo sijawahi kulifanya Jumamosi, nikapanda teksi. Nyumba ya Kumi na Tano iko ghorofa ya pili. Mlango ulikuwa wazi. Arobaini alikuwa amefika kabla yangu kwa dakika chache. Alisimama katikati ya sebule, nguo zinachuruzika, akiwa bado na mkoba begani kwa sababu Kumi na Tano alikuwa amemkumbatia na hakutaka kumwachia. Bandeji ya jicho ilikuwa imelegea upande mmoja.

"Amejifikicha?" niliuliza.

"Amejifikicha, amelia, ameinama chini ya kitanda kutafuta viatu atoke kunitafuta," alisema Arobaini. "Yote uliyosema asifanye. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye duka la viatu nangoja mvua ipungue. Nafika hapa nakuta nimekufa."

"Naomba nilitazame jicho."

"Usiniguse," alisema Kumi na Tano.

Nilisimama nilipokuwa. Zulia lilikuwa likinywa maji ya viatu vyangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. Nilijua si saa ya kuuliza, lakini ndilo swali nililokuja nalo. "Miaka yote hii, shoga yangu. Unampa yeye, ambaye hata dawati hakukaa nasi."

"Dawati!" Kumi na Tano alimwachia Arobaini na kunigeukia kwa jicho lake moja. "Nina miaka hamsini, unanihesabia dawati? Sikiliza. Ningekwambia, ungekuja na ratiba. Ungenieleza wanavyokata, mara ngapi wanakosea, na nini nisile. Yote kweli, na yote kwa upendo, najua. Mimi nilikuwa naogopa upofu. Sikutaka mtu anayejua. Nilitaka mtu wa kuogopa nami. Huyu alikuja Alhamisi, tukakaa kitandani, tukaogopa wote wawili mpaka tukaanza kucheka. Wewe huwezi. Wewe ukiniona naogopa, unanisahihisha."

"Mwache, jamani," alisema Arobaini. "Amelowa."

"Hata wewe umelowa!"

"Mimi ni marehemu, sipati mafua."

Hakuna aliyecheka, lakini Kumi na Tano alikaa chini. Nilitaka kumchukia Arobaini kwa neno lile la kunitetea, na nilimchukia, kiasi. Kisha nikamwambia lililobaki, kwa sababu nusu ya kosa nilikuwa bado nimelificha.

"Nilikusikia ukimlilia na sikusema upesi. Nilinyamaza. Nilikuwa napima."

"Unapima nini?"

"Kama ungenililia mimi vile."

Kumi na Tano aliinua uso. Jicho lililo wazi lilikuwa jekundu.

"Leo nisingekulilia," alisema. "Jana, ndiyo. Nenda nyumbani. Kesho tutakwenda hospitali, mimi na yeye. Nikikuhitaji nitakupigia."

Nilimwomba Arobaini msamaha pale pale mlangoni. Alisema, "Yameisha," kwa haraka ya mtu anayetaka kubadilisha nguo.

Yaliyofuata ni haya. Daktari alimpima Kumi na Tano Jumapili asubuhi, akakuta mshono mmoja umevutika, akaurekebisha. Aliona vizuri kufikia wiki ya tatu. Hakunipigia simu kwa siku ishirini na sita. Siku ya ishirini na saba alipiga kuuliza dawa ya kikohozi cha mama yake, tukaongea dakika nne. Arobaini alikaa kwake siku kumi na moja, akamtilia matone yote bila kukosa, kisha akarudi kwa watoto wake. Tatu alimtoa mwanafunzi wake mtaroni jioni ile ile, na mwezi uliofuata wenzetu walimchagua kuwa kiranja. Alipiga kura dhidi yake mwenyewe. Mimi nilimpelekea daftari Jumatano, likiwa limefungwa kwa karatasi ngumu, na nambari zote thelathini na moja za walio hai nimezipigia mstari kwa wino mweusi. Nilimwandikia Arobaini barua ya ukurasa mmoja. Akajibu kwa mistari miwili. Bado namwonea wivu, hasa Alhamisi, siku ambayo wao wawili hutembea pamoja sokoni na kupita mbele ya duka langu.