Mlima Ukutani mwa Darasa la Tatu

Tangu aolewe, Damari hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Alikijua kikohozi chake, aliijua harufu ya tumbaku yake, na aliujua mlio wa fimbo yake ikigonga mawe ya njiani. Hayo yalitosha. Akiyasikia, aliiacha njia, akaingia kwenye migomba na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Ndivyo mke wa mtoto anavyomheshimu baba mkwe katika nchi ya Rungwe: hamtazami, halitamki jina lake, wala hakai naye chini ya paa moja. Hata vijana hujenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao, ili wake zao wapate pa kutembea bila hofu. Wakristo wengi siku hizo walikuwa wameanza kuilegeza desturi hiyo. Walipeana mikono na wakwe zao mlangoni mwa kanisa, na mbingu haikuanguka. Lakini Mzee Mwambungu hakuwa Mkristo, na Damari hakutaka mtu aseme kwamba masomo ya Iringa yamemfundisha kuwadharau watu wa mumewe.

Shida ni kwamba Damari alikuwa mwalimu, na katika darasa lake la tatu alikuwamo Sekela, binti mdogo wa mzee huyo. Nyumbani Sekela alimwita wifi, shuleni alimwita mwalimu, na siku alipochanganya, darasa zima lilicheka mpaka chaki zikaanguka. Alikuwa msichana wa maswali. Ukimwambia mvua inatoka mawinguni, atataka kujua nani aliyepanda huko akarudi na habari.

Wiki moja kabla ya likizo ya katikati ya muhula, Sekela alibaki darasani wenzake walipotoka. Alisimama mbele ya meza, macho chini, akautoa ujumbe aliotumwa, maana baba yake, ambaye yeye alimwita Tata, alipokuwa na neno kwa mkwe wake alilipitisha kinywani mwa mtoto.

“Tata anasema watoto wakifunga shule, mimi ndiyo nimefunga moja kwa moja. Anasema nyumba ambayo yeye hawezi kuingia, hawezi kumwacha mtoto wake ndani.”

Damari akauliza kama mzee alikuwa amekasirika.

“Hapana,” Sekela akasema. “Alikuwa anakamua ng'ombe.”

Jibu hilo lilimuumiza Damari kuliko hasira. Mtu akikasirika utamngoja apoe. Huyu alikuwa ameshapoa, tena alikuwa na haki. Wazazi wengine waliingia darasani kila siku ya wazazi, wakaona madaftari, wakasikia watoto wao wakisoma. Mzee Mwambungu peke yake hakupata kuona kitu, kwa sababu aliyesimama mbele ya ubao alikuwa mke wa mwanawe Saulo. Na Saulo mwenyewe, ambaye angeweza kwenda kumsihi baba yake, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Makongolosi, na asingerudi kabla ya Krismasi.

Mwalimu Mkuu Yotamu alimshauri akae nyumbani siku ya wazazi, iliyokuwa siku ya kufunga shule. Yeye angelifundisha darasa la tatu kwa asubuhi ile, mzee angeingia, angeona, mambo yangekwisha. Damari alikataa. Alisema mzee akiona darasa lisilo na mwalimu wake, atakuwa ameona kiti kitupu tu. Yotamu, mtu mpole aliyezoea kushindwa na walimu wake, akamuuliza basi anataka nini. Damari akajibu kwamba mzee aje, akae uwanjani mahali pa heshima, na Sekela atoke na kumsimulia yote aliyojifunza. Hapo hakuna atakayemwona mwenzake. Yotamu akakubali kwenda kumwalika mzee yeye mwenyewe.

Sasa lilibaki somo. Damari alitaka somo ambalo mtoto akilisimulia msikilizaji hatasinzia. Akakumbuka jambo aliloonyeshwa chuoni Iringa asubuhi moja, jambo lililowafanya wasichana wazima washikane mikono kama watoto wadogo. Hakumwambia Yotamu. Alisema tu kwamba atahitaji udongo, majani makavu ya migomba na uvumilivu.

Wasichana wa darasa la tatu walifanya kazi siku zote zilizobaki. Waliziba nafasi zilizokuwa chini ya paa kwa majani makavu ya migomba, wakayakandika kwa udongo. Walitundika mikeka mlangoni. Ukuta wa nyuma waliupaka udongo mweupe, mkono juu ya mkono, mpaka ukawa kama karatasi. Wavulana waliwatania kwamba wanajenga zizi la mbuzi wa Mwalimu Damari, na Sekela akawaambia mbuzi wa kwanza ameshapatikana, anauliza maswali dirishani. Siku ya mwisho Damari alifunga mbao za dirisha lililotazama uwanja na mlima Rungwe, akazikandika pembeni, akamwomba fundi atoboe tundu moja katikati, la kupitisha kidole.

Asubuhi ya siku ya wazazi iliamka na ukungu. Wa kwetu wanaujua ukungu wa Rungwe: hauji, bali unakuta umo, na ng'ombe aliye mita chache mbele yako ni sauti tu. Bila jua, Damari hakuwa na somo. Alisimama barazani na kanga begani, akiutazama weupe ule kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. Wazazi walifika, wakasikiliza nyimbo, wakasikiliza hotuba ya Yotamu, ambayo aliirefusha kwa makusudi mpaka akaanza kuisema upya. Kisha upepo ukaja kutoka Kiwira. Ukungu ukachanika, na mlima ukasimama mbele yao wote, umelowa, kijani, mkubwa kiasi kwamba watu walinyamaza ingawa walizaliwa wakiuona.

Mzee Mwambungu alikuwa amekwisha kuja. Yotamu alimwekea kigoda mwisho wa uwanja, kwenye ua wa mimea ya masale, naye akakaa akiutazama mlima. Damari alipoambiwa, alipitia nyuma ya jengo, akaingia darasani kichwa amejifunika, na wazazi wakamfuata mpaka nafasi ikaisha. Mlango ukafungwa, mikeka ikashushwa.

Giza lilikuwa zito. Mama Asukile, jirani aliyejua kusema kuliko kusikiliza, aliuliza kama wameletwa shuleni walale. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Damari akawaambia watazame ukuta mweupe na wangoje macho yazoee.

Mwanzoni ilionekana kama moshi. Halafu moshi ukapata rangi. Juu ya ukuta kukawa na kijani cha nyasi, na chini yake kukawa na buluu, na kutoka kwenye kijani kile kikashuka kitu kikubwa kama titi la ng'ombe, kikining'inia, kikichongoka kuelekea sakafuni. Mwanaume mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Kisha mtoto wa darasa la kwanza, aliyeinuliwa na mama yake ili aone, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ule ni mlima, umelala kichwa chini.

Ulikuwa mlima. Ulikuwa Rungwe wenyewe, pamoja na mabonde yake na kivuli cha wingu kikitambaa ubavuni. Juu yake, mahali mbingu ingepaswa kuwa, ulikuwapo uwanja wa shule, na kuku akitembea miguu juu. Hakukuwa na mtu aliyeuchora. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na tundu la kidole na jua la Mungu, na dunia yote ya nje ilikuwa imepita humo bila kuvunjika. Damari alikwisha kuliona jambo hili Iringa, lakini pale vilikuwa vilima vya watu wengine. Huu ulikuwa mlima wake. Akasahau kuwa alipaswa kufundisha.

Ndipo mtu akatokea ukutani.

Alitoka kwenye ua wa masale, amevaa nguo nyeusi begani, fimbo mkononi, akitembea kichwa chini kama anayepita kwenye dari. Aliburuta kidogo mguu wa kushoto, akainua bega kila hatua. Damari alimtazama kwa furaha. Alidhani ni Saulo. Ndivyo Saulo alivyotembea, ndivyo alivyoondoka siku ya kwenda Makongolosi, bega likipanda na kushuka mpaka alipopotea kwenye kona. Kwa kitambo kifupi moyo wake ulimwambia mumewe amerudi.

Kisha akafahamu ni nani.

Alijitupia kanga usoni na kugeukia pembe, lakini alikuwa amechelewa, na wote walijua. Alikuwa amemweka mzee mwisho wa uwanja ili wasionane. Kisha alikuwa ametoboesha tundu kuelekea pale pale. Alijua kuwa mwanga utauleta mlima, na hakufikiri kwamba ungemleta na baba mkwe.

“Amemwona,” Mama Asukile alisema gizani. “Jamani, mkwe amemwona mkwe.”

Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema ile ni picha tu. Mwingine akasema picha gani inayotembea. Mwanamke mzee upande wa mlango alisema kosa kama hilo humfanya mwanamke asizae, na kwamba anahitaji kulipa kuku na kutakaswa kabla ya jua kuzama. Mama Asukile hakungoja uamuzi. Aliinua mkeka, mwanga ukaingia, mlima ukafutika, naye akaenda moja kwa moja mpaka kwa mzee. Watu wakamiminika nje nyuma yake. Damari alijua somo limemwingia kila mmoja aliyetoka, kwa sababu kila mmoja, kabla ya kufanya lolote, aliinua kichwa kuhakikisha kwamba mlima umesimama sawasawa.

Angeweza kukana. Giza lingemtetea. Lakini alimwita Sekela, akamshika mabega, akampa maneno ayapeleke kama yalivyo.

“Mwambie nimemwona. Mwambie sikukusudia, na sitasema sikuona. Namwomba aje aone nilichokiona, halafu ahukumu. Mimi nitatoka.”

Sekela alikimbia. Damari alitoka, akazunguka nyuma ya jengo akiwa amejifunika, na hakusikia jibu. Alisikia tu fimbo ikigonga jiwe la mlangoni, mikeka ikishushwa, na sauti ya Sekela ndani ikimwambia baba yake asimame hapa, atazame pale, asiogope. Msichana yule alikuwa anafundisha.

Basi Damari akajikuta kwenye uwanja mtupu, mbele ya dirisha lililozibwa. Wazazi walikuwa wamesogea kando kama watu wanaopisha ng'ombe mkali. Angeweza kwenda kwenye migomba kama kawaida yake. Alilitazama lile tundu dogo jeusi kwenye mbao, akajua vizuri kabisa kwamba akisimama hapa, huko ndani naye amesimama ukutani. Mzee alikuwa ameonwa bila kuulizwa. Haki ilikuwa wapi kama yeye angejificha?

Akaishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani. Hakupiga magoti, wala hakutabasamu. Alisimama wima kama anavyosimama mbele ya ubao, mikono ubavuni, mlima mzima mgongoni mwake, akalitazama tundu. Alihisi jua likimgusa uso na kuendelea na safari, likimchukua kama ilivyo kazi yake, likimpeleka kwa mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa kikohozi na harufu ya tumbaku. Hakujua kama anaogopa.

Ilichukua muda mrefu. Mikeka ilipoinuliwa, Damari alijifunika tena na kugeuka upande wa masale, kama inavyompasa. Alisikia hatua zikitoka, kisha zikasimama. Yotamu alimweleza baadaye kwamba mzee naye aliutazama mlima kwanza, akautazama sana, midomo yake ikisogea kama ya mtu anayehesabu bila namba.

Mzee hakuzungumza na Damari. Alizungumza na binti yake, lakini kwa sauti ya kufika mbali.

“Sekela. Kwa nini tulikuwa kichwa chini?”

“Kwa sababu mwanga haujui kukunja kona, Tata. Wa juu unashuka tunduni, unaendelea kushuka. Wa chini unapanda, unaendelea kupanda. Hiyo miwili inapishana pale.”

“Na mtu akiwa kwenye mwanga huo, amefanya nini?”

Sekela akafikiri. Alisema mtu hafanyi kitu. Amesimama tu. Mwanga ndio unaokwenda.

Mzee akawageukia watu, akamtafuta Mama Asukile kwa macho mpaka akampata. Alisema mkwe wake hakumtazama. Jua ndilo lililombeba yeye Mwambungu likamwingiza ndani, nalo halilipi kuku wala halitakaswi. Na kama kuna mtu mwenye kesi na jua, njia ya kwenda juu ni ile pale, aanze kupanda. Watu walicheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenye pumzi.

Alipopita karibu na ua wa masale alipunguza mwendo. Damari, uso kwenye majani, aliiona fimbo tu, ncha yake ikiwa imetua kwenye udongo uliolowa.

“Sekela,” mzee alisema, “mwambie mwalimu kwamba likizo ni fupi. Wewe utaliziba zizi la ndama, mimi nitakutobolea tundu. Nataka kuwaona ng'ombe wangu. Shule ikifunguliwa utarudi umletee habari.”

Sekela akageuka kuufikisha ujumbe. Damari alikwisha kuusikia wote, lakini aliungoja uje kwa mdomo wa mtoto, neno kwa neno, mpaka mwisho.