Chai ya Karani

Mwanamkuu aliinjika birika mara aliposikia karani yuko nyumba ya tatu. Mwaka ule, 1936, mtaa mzima wa Msimbazi ulijua: Mzungu mmoja anakusanya habari za wanawake wanaopokea wanaume vyumbani, wanaishije, wanaumwa nini. Maswali hayakumtisha. Lililomtisha ni safu ya majina. Ilisemwa kwamba atakayeandikwa jina na ugonjwa atapandishwa gari la moshi, arudishwe kwao. Na nyuma ya pazia alilala Candida, mwenzake wa chumba, wiki ya tatu sasa, akikohoa.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

Theophil, karani wa Mzungu huyo, kijana wa Kilimanjaro aliyehamia Ilala mwezi uliopita, alisita mlangoni, hajui kama mwanamke wa kazi hii huamkiwa. Mwishowe akauheshimu umri wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, kaa. Chai hiyo."

Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Kibarazani, jirani yao Sitara akaangua kicheko.

"Huyo keshanywa, shoga!"

"Nimekosea nini?" akauliza Theophil.

"Uliza tu maswali yako, baba."

Akauliza. Mwanamkuu hakuficha kitu. Hakai mlangoni kuita watu. Anayemtaka hubisha hodi. Mgeni hupewa chai, maji ya moto ya kuoga, ndipo kitanda. Mlevi hufungiwa mlango. Mwanamume akileta fujo, ukuta hugongwa mara moja tu, na wanawake wa vyumba vyote hutoka na michi. Paa la madebe linavuja, godoro halikauki masika yote.

"Hapo pa paa andika kwa wino mwingi."

Theophil akacheka, akaandika. Kisha: "Jina lako?"

"Hilo sikupi."

"Bwana anataka majina, mama."

"Mwanamume aliyekunywa chai chumbani mwangu halitaji jina langu nje. Ndiyo desturi yetu. Hata askari huishika."

"Lakini mimi nimekuja kikazi!"

"Wote husema hivyo," Sitara akadakia. "Mkeo naye anaijua kazi hiyo?"

Theophil akafuta jasho. Penye jina akaandika: *Chumba cha nne*.

Hapo Candida akakohoa, kikohozi kirefu kilichotikisa pazia. Kalamu ikasimama.

"Nani huyo?"

Mwanamkuu akainua birika. Akammiminia kikombe cha tatu. Chai kidogo ikamwagikia sahanini.

Karani akalitazama pazia, akakitazama kikombe. Akainama, akaandika huku akisoma: "Wakazi, mmoja. Afya, njema." Kisha akarudi kwenye mistari ya juu. "Lakini hili la paa, mama. Likisomwa, atatumwa mtu wa afya aje akague chumba."

Mwanamkuu akainua macho kwenye paa.

"Basi likate."

Akalikata kwa mstari mmoja, akamaliza chai, akavaa viatu.

Jioni mvua ilinyesha. Mwanamkuu na Sitara walikisogeza kitanda cha Candida hadi ukutani, wakaweka beseni pale kilipokuwa.