Baragumu wa Mzunguko

Miaka ile viwanda vya Tanga vilipokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na mitumba ikiingia mjini kwa marobota, palikuwa na mtu aitwaye Nehemia ambaye wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Jina lake la uwanjani lilikuwa Baragumu. Jumapili timu ya Mawimbi ikicheza, alisimama kwenye mzunguko, upande usio na paa, mguu mmoja juu ya ukuta mfupi, na akianza kumtukana refa hata wauza mihogo nje ya geti walinyamaza wamsikie.

Matusi yake hayakuwa ya kuokota, aliyatunga. "We kibendera! Hicho kitambaa ukimaliza kukipeperusha mrudishie mkeo, anataka kujifunga!" Mshambuliaji mzito aliulizwa kama amekula futari ya msikiti mzima. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tena damu ikichemka alishuka kwenye matusi ya nguoni, na huko mama wa mtu ndiye aliyebeba mzigo. Hakuwabagua wageni na wenyeji. Beki wa kushoto wa Mawimbi, kijana mmoja wa Pangani aitwaye Sadalla, alikuwa chakula chake cha kila wiki. Sadalla akipoteza mpira, mzunguko mzima uligeuka kumtazama Baragumu, kusubiri mama wa Sadalla afanywe nini leo.

Mechi ikiisha, Nehemia alirudi chumbani kwake Ngamiani, akafungua kufuli, akaketi kitandani.

Baba yake alikuja kutoka bara kukata mkonge, akafia mashambani upande wa Pongwe. Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha kamba akiwa kijana, na humo akapata mshahara, mke na heshima. Kiwanda kilipofungwa, mkewe Anjela alivumilia kadiri alivyoweza. Mwisho akafunga mzigo, akawachukua binti zao kwenda Maramba kwa kaka yake.

"Twende sote," alimwambia. "Shamba halimfukuzi mtu kazi."

"Tangulieni," Nehemia akajibu. "Kiwanda kitafunguliwa. Kikifunguliwa nisipokuwepo, nafasi yangu atapewa nani?"

Hakikufunguliwa. Na kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kupanda lori la Maramba akiwa mikono mitupu, basi akawa hapandi. Alibeba marobota sokoni. Kuna wiki zilizopita akiwa hajasema zaidi ya "lipi?" na "haya." Jumapili ndipo alipokuwa mtu. Ernesti, waliyefanya kazi naye mashine moja zamani, alimwekea nafasi ukutani kwa kutandaza gazeti, na akifika walimpisha kama bwana harusi.

Siku moja mzee Khozema alimwita dukani kwake. Khozema aliuza vipuri vya baiskeli, na alikuwa mweka hazina wa Mawimbi tangu timu ilipokuwa ikicheza peku. Mkewe, Rukhsana, alikuwa amewafuata watoto wao ng'ambo, na watu walikuwa wakimuuliza mzee atafuata lini. Alijibu kwamba ligi haijaisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nehemia. Kaa, unywe chai."

Nehemia alikaa. Alishangaa kidogo kusikia jina lake.

"Chama cha mpira kimetuonya," Khozema akasema. "Maji yale machafu aliyomwagiwa kibendera mechi iliyopita, na matusi. Ikitokea tena tutacheza uwanja mtupu, hakuna kuingiza mtu. Sasa nataka mtu wa kusimama pale mzunguko awatulize. Nataka uwe wewe."

Nehemia aliweka kikombe chini. "Mzee, si ungemtafuta mtu mwingine? Mie ndiye ninayetukana."

"Ndiyo sababu. Nikimweka mtu wa msikitini au wa kanisani watamcheka. Wewe wakikuona umenyamaza, watanyamaza."

"Na wasiponyamaza?"

Khozema alitazama barabarani. "Tutakuwa tumejaribu. Nakuomba, ndugu yangu."

Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amwombe Nehemia jambo. Aliondoka pale na kitambaa cha njano cha kufunga mkononi, na usiku alikifua, ingawa kilikuwa safi.

Jumapili iliyofuata alikwenda mapema. Watu walipomwona na kitambaa chake walidhani ni mzaha mpya, wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Alipanda ukuta.

"Jamani, leo hapana matusi. Shangilieni timu. Tukitukana tutafungiwa."

Walicheka zaidi. Mmoja akapiga kelele, "Endelea, Baragumu! Utamu unakuja!" Walipotambua kwamba hakuna utamu unaokuja, kicheko kilikatika vibaya, kama muziki uliokatiwa umeme.

"Baragumu limezibwa," Ernesti akasema, bila kumtazama. "Limezibwa na chai ya dukani."

Mpira ukaanza. Refa akakosea, kama marefa wote, na mdomo wa Nehemia ukafunguka wenyewe, akaufunga. Nyuma yake matusi yakamiminika, ya hovyo, yasiyo na ufundi. Aligeuka kuinua mikono. "Taratibu, ndugu zangu, taratibu!"

Hapo ndipo walipomgeukia. Kwanza walimtukana njaa yake, akavumilia. Kisha sauti moja, hakuiona ilikotoka, ikasema, "Nenda kwanza ukamtulize mkeo Maramba! Huko nako kuna mzunguko, watu wanaingia bila tiketi!"

Mzunguko mzima ulipasuka kwa kicheko. Lilikuwa tusi zuri, hata yeye alilijua hilo. Lilitungwa kwa namna yake. Alisimama na mikono yake juu, asijue aishushe vipi, na akamwona Anjela kama alivyokuwa asubuhi ile kwenye lori, amekaa juu ya gunia, binti mdogo mapajani, akimpungia mkono mpaka lori likakata kona. Wengi wa watu hao hawakuwahi kumwona. Nyuso zao zilikuwa hazina chuki hata kidogo. Walikuwa wamefurahi tu.

Alikuwa bado amewaelekea wao, amewapa mgongo wachezaji, na kwa hiyo aliona vizuri mkono wa Ernesti ukienda nyuma na kurusha jiwe. Lilimpata kibendera kwenye sikio. Mchezo ukavunjika.

Chini ya jukwaa, kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya kuchua, kamisaa wa mechi aliuliza swali moja tu. "Wewe ulikuwa umewaangalia watu. Nani karusha? Mkimtoa, ataadhibiwa yeye, na timu itapona."

Khozema alimtazama kwa macho ya kuomba.

"Sikumwona," Nehemia akasema.

"Umewaangalia wao, usimwone?"

"Watu walikuwa wengi, mzee."

Khozema aliinamisha kichwa. Hakumgombeza, wala hakumtaka arudishe kitambaa. Mawimbi walifungiwa: mechi iliyofuata ingechezwa bila mashabiki.

Kabla ya wiki kwisha, habari zilikuwa zimeenea sokoni kwamba Baragumu ndiye aliyeisema timu kwa kamisaa ili apate ulaji. Aliyezieneza hakufichika. Nehemia alikutana na Ernesti mbele ya genge la mchicha, akasimama.

"Ernesti. Mie nilikuona. Sikusema."

"Uliona nini?" Ernesti alijibu kwa sauti ya kusikiwa na genge zima. "Wewe siku hizi unaona kwa macho ya kukodiwa." Akapita.

Wabebaji wenzake nao wakawa wanampisha. Robota lilipokuwa la watu wawili, alingoja mpaka wengine wote wapate wenza, kisha mwenye duka akamshikia mwenyewe upande wa pili.

Siku ya mechi, Khozema alimwingiza kwa mlango mdogo. Kanuni ziliruhusu mtu mmoja kila upande wa kurudisha mipira. Akapewa mzunguko, wote, peke yake. Alipanda ngazi za saruji mpaka pale pake pa siku zote. Kunguru walikuwa wametua juu ya ukuta wakimkagua. Nje ya geti watu walijazana, lakini polisi waliwasogeza mbali, na kelele zao zilifika kama za harusi ya mtaa mwingine.

Mpira ulipoanza, Nehemia alishtuka. Alikuwa ameutazama mchezo huu miaka yote, kumbe hajawahi kuusikia. Viatu vilikwaruza nyasi kavu. Mpira ulipopigwa ulitoa mlio mnene, kama nazi inayoanguka. Wachezaji waliitana majina, waliombana radhi, kipa alikuwa akiimba kidogo kidogo kila mpira ulipokwenda mbali. Refa, mtu mzima mwenye kipara, alihema kwa shida akikimbia, na mara moja alijisemea, "Ee Mungu wangu, magoti."

Kipindi cha kwanza Sadalla alicheza upande huu wa mzunguko. Upande huu ndiko alikokuwa akiharibu siku zote. Kipindi cha pili, akihamia ng'ambo, alikuwa akicheza vizuri, na mashabiki walisema mvivu huyu huchelewa kuamka. Leo alikuwa ameamka. Alinyang'anya mipira, akapanda, akashuka, na kila alipopata mpira Nehemia alimsikia akijiambia kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto asilie, "Hapana kitu. Hapana kitu. Twende."

Mpira mmoja ukaruka ukaingia mzunguko, ukadunda ngazi kwa ngazi mpaka miguuni pa Nehemia. Sadalla alikuja mpaka ukutani kuungoja. Jasho lilimtiririka. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwa mbali, na ndevu zake zilikuwa bado hazijakubaliana.

Nehemia akashuka na mpira mikononi.

"Wewe ndiye Baragumu?" Sadalla akauliza.

"Ndiye mie."

Kijana alimtazama toka utosini hadi kwenye kandambili. "Nilidhani u mtu mkubwa," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyokuwa akiiogopa utotoni. "Kila wiki nilikuwa nakutafuta kwa macho. Sikuwahi kukupata, watu wengi."

"Leo unacheza vizuri," Nehemia akasema. Ni hilo tu lililopatikana. Katika maisha yake yote ya kupiga kelele hakuwa amejifunza namna ya kuyasema yale mengine polepole.

"Leo nasikia miguu yangu," Sadalla akajibu.

Refa akapiga filimbi. "Mpira!"

Nehemia akautoa. Sadalla akaupokea, akaupangusa kwa jezi, akaurusha, na punde akawa keshaupata tena. Akakimbia nao ukingoni mpaka mwisho wa uwanja, akapiga krosi, mshambuliaji akaruka, kichwa, wavu ukatikisika.

Wachezaji wa Mawimbi, kwa mazoea, walikimbilia mzunguko mikono juu. Walifika karibu ndipo wakakumbuka. Wakasimama wanahema, na mbele yao ngazi tupu, kunguru, na mtu mmoja mwenye kitambaa cha njano.

Nehemia alifungua mdomo. Sauti ilikuwepo, aliisikia imekaa mahali pake kifuani, nzima. Lakini peke yake ingekuwa kilio, si shangwe. Akapiga makofi badala yake. Makofi yake yalisikika kama ya mtu anayeua mbu. Mchezaji mmoja akacheka, mwingine akamwinulia dole gumba, wakarudi kati. Sadalla hakugeuka.

Mechi ikaisha moja bila. Alipotoka kwa mlango mdogo watu walimvamia. "Ngapi? Nani kafunga?" Aliwaambia, wakarukaruka, wakakumbatiana, wakaenda zao barabarani wakiimba. Ernesti alikuwa miongoni mwao. Nehemia alibaki na pumzi ya hadithi nzima kifuani, ya yule beki na refa mwenye magoti na kipa anayeimba. Hakuna aliyekuwa ameuliza zaidi ya mabao.

Jumatatu alirudisha kitambaa dukani. Khozema alisukuma kiti.

"Hebu nisimulie," akasema. "Nilikuwa ofisini chini na kamisaa, sikuona kitu."

Nehemia alimsimulia. Mzee alisikiliza mpaka chai ikapoa, akiuliza hapa na pale, akicheka habari za kipa. Alipofika kwa Sadalla, Nehemia alisita, akaisimulia nayo, hata maneno waliyosemezana ukutani.

Khozema alisogeza kikombe chake kando. "Mawimbi wakinunuliwa viatu vipya," akasema, "nitampa yeye kwanza." Kisha akainuka kumhudumia mteja aliyetaka mnyororo, na mteja alikuwa mchaguzi, na Nehemia akaona aage.

Kifungo kilikwisha. Jumapili ya kwanza mashabiki walipofunguliwa geti, Nehemia alijiandaa kama kawaida, akafika mpaka kona ya barabara ya uwanjani. Akasimama hapo huku watu wakimpita. Kwenda mzunguko hakuweza. Upande wa pili, wa jukwaa la paa, hakumjua mtu. Akageuka, akarudi Ngamiani.

Alitoa beseni uani, akafua shati lake na suruali ya kazi. Nyumba ilikuwa tupu, wapangaji wote wa kiume wamekwenda mpirani. Alikuwa akikamua shati pale mngurumo mkubwa ulipopaa kutoka uwanjani na kupita juu ya mabati ya nyumba. Alisimama, shati likidondosha maji miguuni, akitega sikio. Kelele za bao na kelele za penalti iliyokataliwa zinafanana ukiwa mbali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuweza kujua ni zipi.

Alisubiri kidogo, pengine atapita mtu wa kumuuliza. Mtaa ulikuwa mweupe kwa jua. Akaanika shati, akainama kuchukua suruali.