Namba Niliyoiombea

Mkuu wa mitambo alikuja na kikombe cha chai mkononi, nikajua habari si njema. Kijana huyu hatembei na chai ila akiwa na neno linalomkaba kooni.

"Mama, ubao wako wa simu utang'olewa," alisema. "Kila ofisi ya hospitali sasa ina simu yake. Hakuna tena wa kuunganishiwa."

"Na mimi?"

"Si unasoma kompyuta jioni? Ijumaa njoo nikupime. Ukiweza, unahamia chumba changu cha mitambo. Usipoweza, sitakuwa na la kukutetea."

Nilianza kukaa kwenye ubao ule wakati yeye bado anafungiwa kamba za viatu. Namba zote za hospitali zimo kichwani mwangu: wodi ya wazazi, jikoni, chumba cha maiti. Watu walinisifu kwa hilo, na Mungu anisamehe, nilipenda kusifiwa. Mpaka sasa nakumbuka namba za madaktari waliokwishahama, kama mtu anayetunza funguo za nyumba zilizobomolewa.

Darasani nimewazidi wote umri, mwalimu akiwemo. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama nilipoingia, nami nikawaambia wakae, kisha nikaenda kukaa miongoni mwao. Hapo ndipo niliposikia habari za DNS: kompyuta moja inataja jina la nyingine, inajibiwa namba yake, inapiga. Nilitabasamu peke yangu. Kumbe nimekuwa DNS maisha yangu yote na hakuna aliyeniambia.

"Ila kwenye wingu la kompyuta nyingi," mwalimu akaendelea, "huduma, yaani programu, hazikai mahali pamoja. Ni kama wapangaji. Zikizimwa na kuwashwa, zinapata anwani nyingine. Kwa hiyo anwani haiandikwi kwa mkono. Iache huduma ijiandikishe yenyewe kila inapowaka."

Niliyanakili maneno hayo kwa mwandiko mzuri sana. Kisha nikafanya nilivyozoea.

Zoezi lilikuwa kuifanya huduma ya miadi iipate huduma ya maabara kwa jina tu. Nilichungulia anwani ya maabara, nikaikariri, nikaiandika kwenye rekodi ya DNS kwa mkono wangu. Palipoulizwa jibu likumbukwe kwa muda gani, niliweka muda mrefu, maana sijawahi kusikia mahali popote kwamba kukumbuka ni dhambi. Miadi ikaipata maabara papo hapo. Kesho yake nikasimama kwenye kikundi chetu cha maombi, nikashuhudia kwamba Mungu amenifungulia siri za wingu. Wenzangu wakaitikia amina. Mmoja akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea redio.

Nilirudi darasani nikakuta maabara haipatikani. Mashine zilikuwa zimezimwa na kuwashwa upya.

"Mama," mwalimu akasema akiinamia kioo cha kompyuta yangu, "umeandika kwa mkono?"

"Kidogo tu."

"Hili halina kidogo."

Mtu mwenye akili angejifunza pale pale. Mimi nilirudi nyumbani, na baada ya chakula nikapiga magoti kando ya kitanda. Mume wangu alivumilia kwa muda, halafu akashindwa.

"Mke wangu, leo unamwombea nani?"

"Namba. Nitakayoiandika kesho isibadilike."

"Na ile njia aliyowafundisha mwalimu, hukuielewa?"

"Niliielewa. Siiamini tu."

Akajigeuza upande wa ukuta. "Mungu usiyemwona unamwamini. Mashine unayoiona, hapana."

Nilimwambia asiingilie sala za watu.

Ijumaa nikaingia chumba cha mitambo. Kina baridi kama ghala la samaki, na mashine zake zinavuma bila kupumzika. Mkuu akaniachia kiti. Kazi ilikuwa ileile, miadi na maabara, ila safari hii kwenye mfumo wa majaribio wa hospitali yenyewe. Nikachungulia anwani, nikaikariri, nikaiandika, nikaipa muda mrefu. Miadi ikaipata maabara. Nikasema asante Mungu, kwa sauti.

"Mungu asubiri kwanza," mkuu akasema. Akaizima maabara, akaiwasha. "Jaribu sasa."

Nikajaribu. Kimya. Nikajaribu tena huku midomo ikinichezacheza kwa sala.

"Hii anwani umeitoa wapi, mama?"

"Iko kichwani."

"Ndiyo shida yenyewe. Huku ndani hakuna anayehitaji kichwa chako kikumbuke. Tunataka kipange." Akatazama saa ya ukutani. "Nakwenda kujaza chai. Nikirudi, tunafunga."

Nilibaki na mashine. Nikaanza kuomba namba irudi ilivyokuwa, na katikati ya ombi nikajisikia. Mtu mzima, mjukuu wake anaanza shule, anamwomba Muumba wa mbingu na nchi asimamishe kazi ili kosa lake lipate kuwa sahihi. Aibu ilinipata nikiwa peke yangu, na hiyo ndiyo aibu mbaya zaidi. Nikakatisha sala bila kusema amina.

Nikaifuta rekodi yangu. Ilikuwa kama ninamfukuza mtoto nyumbani. Nikaipa maabara ruhusa ya kujiandikisha yenyewe kwa jina lake, nikaweka jibu likumbukwe kwa muda mfupi tu. Nikajaribu. Kimya bado. Machozi yakanilenga, mpaka nikakumbuka kwamba miadi bado imeshikilia lile jibu la zamani nililoiambia ilikumbuke sana. Ilikuwa na kiburi changu mwenyewe. Nikaizima, nikaiwasha, ikasahau, ikauliza upya, ikajibiwa.

Mkuu akarudi na chai yake. Akaizima maabara na kuiwasha. Ikapatikana. Akarudia. Ikapatikana. Akavuta kiti kingine, akakaa.

"Haya, mama. Anwani yake sasa hivi ni ipi?"

Nilijua jibu alilolitaka. Alitaka niseme sijui na wala sina haja ya kujua. Lakini anwani ilikuwa imepita kwenye kioo mara moja, na sikuweza kumdanganya mtu kwa jambo la kazi. Nikaitaja yote, mpaka tarakimu ya mwisho.

Alicheka mpaka chai ikammwagikia gotini.

"Jumatatu uje na sweta," akasema akijipangusa. "Na usilete namba yoyote."