Kibuyu cha Mlalamikaji

Kila kitu katika nchi ya Birikani kilikuwa na utaratibu wake. Mfalme Kiboko alilala bwawani, juu ya mji, na humo alifanya haja zake zote. Kutoka bwawa hilo mfereji ulishuka hadi mjini, na wanyama wadogo wakapanga foleni kuchota. Maji ya kunywa ya Mfalme yaliletwa na punda wanne kutoka chemchemi ya kilimani, kwa sababu, ilielezwa, koo la Mfalme lina kazi nyingi.

Masika yale watoto walianza kuharisha. Sungura alizika watatu. Digidigi alimzika binti yake siku ya soko, akabaki na kitindamimba. Huyo naye alipoanza kutapika, Digidigi, ambaye hata kwenye foleni hakuwahi kupaza sauti, alijaza kibuyu mferejini, akamwacha mtoto kwa Sungura, akaenda barazani.

"Ongeza sauti, mama, hapa si jikoni," alisema Korongo, Waziri wa Maji. Baraza likacheka.

"Maji yananuka, Mheshimiwa. Mwanangu yuko hoi. Naomba aruhusiwe kunywa ya kilimani mpaka apone."

"Yananuka nini?"

Digidigi alimtazama Mfalme, akainamisha kichwa. "Yananuka bwawa."

Mfalme alifumbua jicho moja. "Ulitaka bwawa linukie asumini?"

Kicheko kilipotulia, Korongo alikumbusha sheria. Zamani watu walitia matope vibuyuni ili kuwasingizia wenzao. Kwa hiyo mlalamikaji wa maji hunywa kwanza ushahidi wake. Akikataa, uchafu kautia yeye, na nyumba yake yote inafungiwa mfereji.

"Na nikinywa?"

"Tutakusikiliza, mama. Kwa nini tusikusikilize?"

"Kunywa tu, shoga," Nyumbu alimhimiza kutoka nyuma. "Sisi sote tumeyanywa asubuhi. Usitucheleweshe."

Birikani haikuwa na mfereji mwingine. Digidigi alifumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho. Baraza likangoja. Kivuli cha paa la baraza kilisogea hatua tatu. Digidigi alikuwa bado amesimama.

"Andika," Korongo alimwambia Kasuku, karani wa baraza. "Mlalamikaji amekunywa kibuyu kizima mbele yetu, na yuko wima. Maji ni salama."

"Lakini Mheshimiwa, mwanangu..."

"Hongera sana, mama. Umewatoa wengi wasiwasi."

Wakampigia makofi. Nyumbu alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana yeye pia ana watoto, na habari hiyo ilimfurahisha kweli. Kasuku akatumwa mjini kuitangaza.

Digidigi alirudi polepole. Njiani tumbo lilianza kumkata, akasimama mara mbili kushika mti. Alimkuta Sungura mlangoni, anapunga mkono kufukuza nzi.

"Kasuku amepita hapa," Sungura alisema. "Anasema imethibitishwa kuwa maji hayana neno. Nani huyo kathibitisha? Nimtafute nimwoneshe makaburi yangu."

Digidigi aliketi chini.

"Ni mimi," alisema.

Sungura alimkodolea macho. Ndani mtoto alikohoa, akaita kwa sauti nyembamba kwamba ana kiu. Waliyokuwa nayo yalikuwa ya mfereji, nusu mtungi.

"Nimpe?" aliuliza Sungura.

Mtoto akaita tena.