Pumu Iliyobaki Mwabungo

Jumanne saa tatu na robo asubuhi, Nzembi aliketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya bima iliyo juu ya duka la magodoro, Ukunda, akausogeza mkataba karibu na pua na kuanza kuusoma. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja. Upande wa pili aliufunga sikioni kwa uzi. Kando yake jirani yake, Bi Mwanaima, alikuwa amekumbatia mkoba wenye pasipoti mpya na tiketi ya kwenda Maskati. Alikuwa akipumua kwa mluzi, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipopanda ngazi.

Binti yake Twaiba alikuwa karibu kujifungua huko Maskati, mimba ya kwanza, na hapana mama wa Mwabungo anayewaachia watu baki arobaini ya mwanawe. Nani amkande mzazi kwa maji ya moto? Nani amnyooshe mtoto viungo? Bi Mwanaima alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, hajapata kupanda ndege, na mikono yake ilisifiwa kuanzia Mwabungo hadi kwao Majoreni, kwa kuogesha watoto wachanga na kwa kusuka mikeka. Hiyo mikono ndiyo aliyoitiwa. Kifua hakuna aliyekiita, lakini kingekwenda tu.

Wakala wa bima, kijana aliyeitwa Musyoki, aliwaamkia vizuri kisha akawaeleza kwamba kuna bima za aina tatu. Shaba hulipia mizigo ikipotea. Fedha hulipia hospitali, ila si kwa ugonjwa ambao mtu alikuwa nao tangu kwao. Dhahabu hulipia hata ugonjwa wa zamani, ila haiuzwi kwa aliyetimiza miaka sitini. Nzembi akauliza kama basi Dhahabu imewekewa watu ambao bado hawajafika umri wa kuugua. Musyoki alifikiri kidogo, akasema ndiyo, hao ndio kampuni inawapenda.

Nzembi alikuwa amefundisha chekechea miaka ishirini, na mwalimu wa chekechea hasomi kitu kwa kuruka. Alikuja Mwabungo kutoka Kitui akifuata shamba la mumewe. Mume akafariki, shamba likabaki, naye akabaki. Barua zote za majirani zilipitia kwake. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, hata kiyoyozi cha ofisi kikachoka kikazimika, na alipofika kifungu cha kumi na nne akaweka kidole.

"Hapa wanasema ugonjwa ulioachwa nyumbani, kwa mtu mwaminifu, hautahesabiwa kuwa wa mteja safarini."

Musyoki akakubali kwamba kifungu hicho kipo na kinatumika. Kuna mzee wa Ramisi aliyeacha sukari kwa shemeji yake akaenda India akarudi. "Hiyo iko poa kabisa, mathe," akamwambia Bi Mwanaima. "Muhimu ni kuwe na mtu wa kuishikilia."

Bi Mwanaima akamtazama Nzembi, Nzembi akatazama dirishani, na hivyo ndivyo bima ya Fedha ilivyochaguliwa. Penye swali la magonjwa Musyoki akaandika hana. Penye jina la mtu wa kuulizwa akaandika Nzembi.

Siku ya kuondoka, Bi Mwanaima alipita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, kama anavyofanya msafiri yeyote mwenye adabu. Kwa Nzembi alifika mwisho. Aliomba beseni, akanywa tangawizi ya moto vikombe viwili, akainama akakohoa mara tatu, na pumu ikatoka. Ilikuwa na ukubwa wa kuku anayeatamia, rangi yake kama maji ya kuoshea mchele, haina macho wala mdomo, bali ilikuwa ikipanda na kushuka na kupiga mluzi. Bi Mwanaima akaipangusa, akaifunga leso, akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili.

"Nakuachia amana, mdogo wangu. Haipendi moshi, haipendi vumbi, na alfajiri ifunike. Mimi nayo tumeishi miaka ishirini na miwili."

Akaondoka na mkoba wake, akienda kasi ambayo Nzembi hakuwahi kuiona kwake. Hata njiani akaimba kidogo.

Kuishi na pumu ya mtu si kazi ndogo. Nzembi aliuza viazi karai barazani, na jiko lake lilikuwa la makaa. Basi alilihamishia nyuma ya choo, wateja wakamfuata huko wakinung'unika. Uani alifagia baada ya kunyunyiza maji. Pumu ilipewa kiti cha karibu na dirisha, na asubuhi na jioni aliipulizia dawa kwa pampu ya Bi Mwanaima. Watu walioingia waliisalimia. Mchungaji wa Nzembi alipokuja kumtembelea alikalia kiti kingine, akaomba abarikiwe kila aliyemo humo ndani.

Twaiba alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kumi na nane, Bi Mwanaima akiwa anamwaga maji ya kumwogeshea mjukuu, aliteleza sakafuni akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Hospitalini walimfunga bendeji, wakasema mfupa lazima upasuliwe na kutiwa chuma ndani ya wiki mbili, la sivyo utajiunga wenyewe vibaya. Walichohitaji ni barua moja tu ya kampuni ya bima.

Musyoki alimpigia Nzembi kabla ya kampuni kumpigia. Alimwambia kwamba ataulizwa kuhusu ile pumu, na kwamba jibu jepesi ni kusema haijui. Kifungu cha kumi na nne kipo, alisema, lakini wakubwa hawapendi kukumbushwa. Nzembi alikata simu akaitazama pumu kitini pake, ikipanda na kushuka, haina habari. Alikuwa mtu wa bara na mtu wa kanisa, lakini miaka kumi na tisa Mwabungo ilimfundisha kwamba mtu aweza kusamehewa mengi, ila si kukana amana iliyowekwa mikononi mwake. Mwenye kukana amana watu humpita njiani kama mti. Aliogopa, na aliogopa kweli, kwa sababu alijua mkono ule ni wa nani na hufanya nini.

Mwanamke wa kampuni alikuwa na sauti tamu. Aliuliza kama Mwanaima ana ugonjwa wa pumu.

"Anayo," Nzembi akasema. "Ameniachia mimi. Imeketi hapa mbele yangu."

Mwanamke aliomba kuisikia. Nzembi akaisogezea simu, pumu ikapiga mluzi wake, na mwanamke akashukuru akasema imerekodiwa.

Jibu lilikuja siku ya pili. Kampuni haikubishia kifungu cha kumi na nne hata kidogo. Ilimsifu mteja kwa kukifuata. Ila ilitaja kifungu cha thelathini na moja, ambacho Nzembi alikisoma kule ofisini asione ubaya wake: bima huanza kufanya kazi mteja anapotoka nchini. Sasa, kwa ushahidi uliorekodiwa, sehemu ya mteja bado iko Mwabungo. Mteja hajatoka kamili. Safari yake, kwa hiyo, haijaanza, na mtu ambaye safari yake haijaanza hawezi kuwa ameanguka Maskati.

Nzembi aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akalia. Kisha akafunga pumu kwenye leso, akazima jiko, akaenda hadi mpakani Lunga Lunga. Alikuwa amefikiri hivi: kama kinachotakiwa ni mteja kutoka nchini kamili, basi sehemu iliyobaki itoke. Ofisa wa uhamiaji aliuliza pasipoti ya pumu. Haikuwa nayo. Ofisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaiandika kuwa mzigo wa mkononi, akapiga muhuri. Nzembi akavuka upande wa Tanzania, akanywa chai, akaipulizia pumu dawa kwa sababu ya vumbi la malori, akapiga picha ya muhuri akaituma.

Kampuni ilijibu kabla hajamaliza kikombe. Ilithibitisha kwamba mzigo umetoka nchini salama, ikakumbusha kwamba mizigo hulipiwa na bima ya Shaba.

Wiki mbili zikapita, na mfupa ukajiunga wenyewe.

Bi Mwanaima alirudi arobaini ilipokwisha. Alipanda kilima cha kwa Nzembi bila kusimama, akabisha hodi kwa sauti iliyojaa, na mkono wa kulia ulikuwa umepinda kwa nje kama mpini wa jembe la zamani. Alisimulia kwamba mjukuu anafanana na babu yake, na kwamba alimwogesha kwa mkono mmoja huku Twaiba, mzazi mwenyewe, akishika kichwa. Kwa Twaiba ni ghorofa ya nne, naye alikuwa akizipanda ngazi zote akiimba. Halafu akaomba ukili wa mkeka uliokuwa umetundikwa ukutani, akajaribu kuusuka. Vidole viwili havikuja. Ukili ukamlegea mapajani, na wote wawili wakautazama.

"Ni mimi niliyekisoma kile kifungu," Nzembi akasema. "Na ni mimi niliyewaambia iko hapa. Nisamehe, Bi Mwanaima."

"Ulitaka uikane amana yangu?" Bi Mwanaima akauliza polepole. "Ningerudi na mkono mzima, nami sina jirani. Acha."

Lakini machozi yalimtoka yeye pia, kwa sababu mkono ni mkono.

Alhamisi wakaenda Ukunda wote watatu. Musyoki aliongeza kiti, pumu ikaketi katikati juu ya leso yake. Alisoma barua zote, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema uamuzi wa kampuni hauna rufani. Kisha macho yake yakatua kwenye kiti cha katikati, akachukua fomu mpya. Aliuliza umri wa pumu. Bi Mwanaima akasema ishirini na miwili. Aliuliza kama imewahi kulazwa, kupasuliwa, kuvunjika. Haijawahi. Aliuliza kama ina ugonjwa wowote wa zamani.

Nzembi alifikiri kwa uangalifu, maana hakupenda kusema uongo. "Haina," akasema.

Musyoki akasema huyu ndiye mteja ambaye kampuni imekuwa ikimtafuta. Alikuwa na haki ya Dhahabu bila masharti, na kwa kuwa mwezi huo kulikuwa na ofa, kadi ya mwaka wa kwanza haikuwa na malipo. Mashine ikaitoa, ya manjano, ingali na joto. Pumu ikapiga mluzi. Musyoki akamkabidhi Bi Mwanaima kadi amshikie mteja, na Bi Mwanaima akaipokea kwa mkono wa kushoto.

Chini, mbele ya duka la magodoro, alimwambia Nzembi kwamba amana imefika kwa mwenyewe na anashukuru, haikupungua. Akaifungua leso, akainama, akavuta pumzi ndefu mara moja. Alikohoa, akashika ukuta, akasubiri kifua kizoee. Nzembi akamchukulia mkoba, wakaanza kutembea taratibu kuelekea stendi, wakisimama kila baada ya hatua ishirini.

Kadi imo kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Kifuani mwa Bi Mwanaima sasa kuna mwenye bima ya Dhahabu, anayeweza kwenda popote duniani bila wasiwasi. Mkono wa kulia haumo kwenye kadi hiyo. Mkeka aliouanza kabla ya safari umebaki nusu, na Nzembi humalizia mstari mmoja mmoja kila jioni, vibaya, huku mwenyewe ameketi kando akimwelekeza.